Nyumba za mawe za Kusini zinataka chokaa, si saruji

Ndugu Mhariri,

Kila picha za Ikulu ya Chamwino au za Mji wa Serikali pale Mtumba zinapotoka gazetini, watu wa Mtwara na Lindi huzitazama kwa fahari, nasi tumo. Lakini nchi hii haikuanza kuwa na mji mkuu mwaka 1973 Dodoma ilipochaguliwa, wala mwaka 1891 Wajerumani walipohamishia makao yao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo. Upo mji mkuu wa kale zaidi, nao uko mkoani Lindi, ng'ambo kidogo ya maji ukitokea Kilwa Masoko. Kilwa Kisiwani ilishika biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, ikapiga sarafu zake yenyewe, ikajenga kwa mawe majengo ambayo mengine yamesimama hadi leo.

Msikiti Mkuu wa Kilwa ulianza kujengwa karne ya 11, ukapanuliwa baadaye, ukaezekwa wote kwa kuba na matao, na baadhi ya kuba zikapachikwa vyombo vya kauri kutoka China. Husuni Kubwa, kasri lililojengwa kati ya mwaka 1310 na 1333 hivi, lina birika la kuogea la pembe nane juu ya genge linalotazama bahari. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331. Majengo yote hayo yalijengwa bila hata mfuko mmoja wa saruji, wala nondo, wala linta ya zege, yaani mkanda wa juu ya milango na madirisha. Yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga, udongo mwekundu na miti ya mikoko.

Tunaandika kwa sababu mabinti wa mji ule, yaani nyumba za mawe za Kilwa Kivinje, Lindi mjini na Mikindani, zinakarabatiwa kwa saruji. Wanaofanya hivyo wana nia njema. Wengi wao ni wenye nyumba waliojinyima ili baraza la babu yao lisianguke. Saruji inatengenezwa hapa hapa Mtwara, inapatikana kila duka, na kila fundi kijana ameifundishwa. Chokaa haina duka. Hata hivyo saruji ndiyo inayoziangusha nyumba hizi, na tungependa kueleza kwa nini, kisha tueleze kazi inavyotakiwa kufanywa, ili mwenye nyumba na mhandisi wa halmashauri wapate pa kuanzia.

Ukuta wa nyumba ya mawe kwa kawaida una unene wa sentimita 50 hadi 60, mnene zaidi chini kuliko juu. Ni ngozi mbili za mawe zilizopangwa, katikati zikajazwa vipande vidogo vya mawe, udongo mwekundu na chokaa. Hauna msingi wa zege, wala karatasi ya kuzuia unyevu kama nyumba za siku hizi. Maji ya ardhini hupanda ndani yake kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Hilo si kosa la mjenzi. Maji yale hutoka tena kupitia lipu ya chokaa, ambayo ina vijitundu vingi, na upepo wa kusi huyakausha. Ukuta unakunywa na kutema, kila siku, miaka mamia.

Sasa piga lipu ya saruji, kipimo kimoja cha saruji kwa vinne vya mchanga, pande zote mbili. Umefunga mlango wa kutokea. Maji hayaachi kupanda, yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Ukuta uliokuwa na unyevu hadi magotini unakuwa na unyevu hadi kifuani. Nayo maji ya pwani hayaji peke yake, huja na chumvi. Chumvi ikikosa njia hugandia nyuma ya lipu, chembe zake hukua na kusukuma. Baada ya mvua mbili tatu lipu inatoa sauti ya debe tupu ukiigonga, kisha inabanduka mapande makubwa, na kila pande linaondoka na uso wa jiwe, kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko matumbawe. Mwenye nyumba anaona ukuta umelika. Anaambiwa nyumba imezeeka. Anapiga lipu nyingine, nene zaidi. Nyumba haikuzeeka; imezibwa pumzi.

Jambo la pili ni mwendo. Nyumba hizi zimekaa juu ya ardhi bila zege, hivyo hutembea kidogo masika na kiangazi. Chokaa huufuata mwendo huo, na nyufa zake nyembamba hujiziba zenyewe, kwa sababu maji ya mvua huyeyusha chembe za chokaa na kuziacha tena ndani ya ufa. Saruji haifuati. Inapasuka ufa mmoja mrefu, maji ya mvua yanaingia na hayatoki.

La tatu ni nondo. Ukipitisha mkanda wa zege lenye nondo ndani ya ukuta uliojaa chumvi ya miaka mia na hamsini, chuma kitakula kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, kwa hiyo mkanda uliowekwa kuushika ukuta ndio unaoupasua. Tungetamani kila anayechora mkanda wa linta kwenye nyumba ya kale alijue hilo kabla ya kushika kalamu.

Na la nne, ambalo ndilo linaloua watu, ni sakafu ya ghorofa. Vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba, mita 2.5 hadi 3, kwa sababu boriti ya mkoko haiendi zaidi ya hapo. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha chokaa na kokoto za matumbawe, vikapigwa kwa vipande vya mti hadi vishikane. Ndiyo maana Waswahili husema kupiga sakafu. Dari hilo ni zito tayari. Likianza kuvuja, fundi wa siku hizi humwaga juu yake zege la sentimita 10. Zege la unene huo lina uzito wa kilo 240 hivi kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 6 kimeongezewa tani 4 na ushee, juu ya boriti ambazo ncha zake ndani ya ukuta huenda zimeshaoza kwa ule unyevu tuliousema. Kwa juu pataonekana pakavu na safi. Boriti hazitatoa sauti hadi siku zitakapokatika.

Ndiyo maana tunawaomba wanaoanza kazi wasianze na mwiko. Waanze na kuchunguza, na kiasi kikubwa cha uchunguzi hakina gharama. Gonga lipu kwa mpini wa mwiko, mita baada ya mita, na weka alama ya chaki kila panapolia patupu. Kwangua kwa msumari: lipu ya chokaa huacha mchirizi mweupe wa unga, ya saruji hukataa. Pima unyevu umefika kimo gani kutoka ardhini, ndani na nje, na uandike mwezi uliopima, maana kipimo cha Februari si cha Septemba. Chomeka bisibisi kwenye kila boriti pale inapoingia ukutani, siyo katikati. Katikati boriti iliyooza huwa bado ngumu. Bisibisi ikizama zaidi ya sentimita 2, boriti hiyo haibebi tena. Tafuta njia za mchwa. Teremsha timazi, yaani uzi wenye uzito nchani, kutoka juu ya ukuta uone umeinama kiasi gani. Kwenye kila ufa bandika kipande chembamba cha plasta ya jasi, andika tarehe, usubiri mvua moja ipite. Plasta ikikatika, ukuta bado unatembea na sababu lazima itafutwe kabla ya kuziba. Isipokatika, ufa huo ni wa zamani na unazibwa tu.

Mara nyingi sababu iko nje ya nyumba kabisa. Nyumba nyingi zilipopoteza dari la chokaa ziliezekwa bati, na bati likaachwa fupi, bila mfereji. Maji yote ya paa yanaanguka kwenye mguu wa ukuta, yanarusha tope, yanachimba. Toa bati sentimita 60 nje ya ukuta, weka mfereji, pitisha maji mbali, teremsha ardhi iliyorundikana ukutani hadi iwe chini ya sakafu ya ndani. Kuna nyumba ambazo zikifanyiwa hayo tu, unyevu wake hushuka bila kuguswa lipu. Na mti uliootea ukutani usiung'oe kwa nguvu. Mizizi ya mkuyu ikishika ukuta inakuwa sehemu ya ukuta. Kata shina, acha mizizi ife, kisha itoe kidogo kidogo huku ukijaza chokaa na mawe nyuma yake.

Kubandua saruji ni kazi ya subira. Nyundo ya kilo moja na tindo ndogo, kuanzia chini kwenda juu, mahali palipolia patupu kwanza. Mashine ya kutoboa isiingie ndani ya nyumba hizi. Saruji iliyoshika kabisa, ambayo kuing'oa kutaondoa jiwe, iachwe hadi itakapolegea yenyewe. Hapa tunatofautiana na wenzetu wanaotaka nyumba isafishwe yote kwa wiki moja. Zaidi ya yote, mwimo wa mlango au kidaka (kishubaka cha ukutani) chenye nakshi kisiguswe na fundi mwanafunzi. Mawe ya nakshi yalikatwa baharini yakiwa mabichi na laini, yakachongwa kabla hayajakauka. Leo kukata matumbawe hai ni kosa kisheria, na ni haki iwe hivyo. Kwa hiyo nakshi iliyopo haina mbadala.

Ukuta ukishavuliwa, uache uvute hewa. Kiangazi kizima si kirefu mno kwa ukuta uliozibwa miaka 20. Chumvi itaota juu yake kama unga mweupe. Ifagie kwa brashi kavu, usiioshe, kwa sababu maji huirudisha ndani. Ukuta ukiwa na chumvi nyingi sana, upigwe lipu dhaifu ya chokaa, moja kwa nne, kama ya kutupwa. Lipu hiyo itanyonya chumvi, na baada ya msimu mmoja inabanduliwa na kutupwa mbali na nyumba.

Tuje kwenye chokaa yenyewe. Chokaa ya asili ya pwani hii hutoka kwenye mawe ya matumbawe ya nchi kavu. Mawe huchomwa tanurini hadi joto la nyuzi 900 hivi, hewa ya ukaa itoke. Jiwe lililoiva hupoteza karibu nusu ya uzito wake, kilo 100 hubaki kilo 56, na ukiligonga linalia kama kauri. Lisiloiva ni zito na katikati lina kiini kigumu, litoe. Sasa linaloweshwa. Jaza maji pipa kisha tia chokaa humo, kidogo kidogo, ukikoroga. Kamwe usimwage maji juu ya rundo la chokaa: hulipuka na kurusha, na jicho likipatwa haliponi kirahisi. Sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za maji ndiyo kadirio la kuanzia. Vaa miwani na buti, na watoto wasiwepo. Uji ukipoa uchujwe kwa wavu wa milimita 3, uwekwe shimoni au pipani, maji yakae juu yake kimo cha kidole ili hewa isiuguse. Wiki 3 ni chini kabisa, miezi 3 ni vizuri, na ukikaa zaidi unazidi kuwa laini kama siagi. Wazee waliacha chokaa zao zikae hata misimu, na lipu zao tunaziona.

Asiye na tanuri atumie chokaa ya mifuko, lakini kwa tahadhari. Mfuko uwe mpya na mkavu, kwa sababu chokaa iliyovuta hewa imeshageuka jiwe la unga na haitashika tena. Ilowekwe isipungue saa 24 kabla ya kuchanganywa na mchanga. Na yeyote anayesema atie saruji kidogo tu ili iwahi kukauka, akataliwe. Saruji kidogo inaiharibu chokaa: haiongezi nguvu ya kutosha kuwa saruji, na inaziba vijitundu vilivyofanya chokaa iwe chokaa. Penye maji mengi, kama miguu ya ukuta na juu ya dari, yupo msaidizi halali naye ni unga wa matofali ya kuchoma. Twanga matofali yaliyoiva kwa moto wa wastani, chekecha, tia nusu sehemu kwa kila sehemu moja ya chokaa. Huishikisha hata penye unyevu.

Mchanga uwe wa mtoni au wa shimoni, wenye chembe kubwa na ndogo na zenye ncha. Wa ufukweni una chumvi; anayeutumia anapanda ugonjwa alioutoa. Kuujaribu ni rahisi: jaza chupa nusu mchanga, ongeza maji, tikisa, acha saa 3. Tabaka la tope juu likiwa nene kuliko sehemu ya kumi ya mchanga, uoshe au tafuta mwingine.

Kipimo cha lipu ni chokaa moja kwa mchanga tatu, kwa ujazo, na kipimwe kwa debe, siyo kwa macho wala kwa sepetu. Ukuta wa mita 10 za mraba kwa lipu ya milimita 25 unahitaji lita 250, yaani madebe 12 na nusu ya mchanga na madebe 4 ya uji mzito wa chokaa. Ongeza moja ya kumi ya zote kwa kinachoanguka. Chokaa haijazi juu ya mchanga, huingia katikati ya chembe zake, ndiyo maana ujazo hauongezeki. Changanya kwa nguvu, ponda kwa mti mzito, na usiongeze maji kila mchanganyiko unapoonekana mkavu. Ukiuponda zaidi utalainika wenyewe. Maji mengi ndiyo chanzo cha nyufa nyingi tunazolaumu chokaa.

Lowesha ukuta tangu jana yake na tena asubuhi. Jiwe kavu hunyonya maji ya lipu kabla haijashika, nayo inabaki vumbi. Mashimo makubwa yajazwe kwanza kwa vipande vya mawe na chokaa, siyo lipu tupu. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la lipu, usizidi milimita 12, ukwaruzwe mistari ya kukatana. Subiri hadi kidole gumba kisiache alama, kwa hali ya hewa yetu wiki moja hadi 2. Mkono wa pili milimita 10. Wa mwisho milimita 3, wa chokaa na mchanga uliochekechwa laini, ukasuguliwe kwa ubao. Kati ya mikono yote hiyo funika ukuta kwa magunia mabichi, uzuie jua la mchana lisiupige moja kwa moja, unyunyizie asubuhi na jioni siku 7. Chokaa haikauki kama tope, inakomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa, nayo huivuta tu ikiwa na unyevunyevu. Fundi anayeacha lipu ichomwe na jua la Mikindani kwa siku moja atarudi kuibandua.

Rangi ni ya chokaa pia, nyepesi kama maziwa, mikono 5 au 6, kila mmoja ukipishana na mwenzake siku nzima. Ikionekana nyeupe ikiwa bado mbichi, umeipaka nene mno na itaparuka. Rangi za plastiki za dukani zina kosa lile lile la saruji, hata kama zinang'aa.

Kuhusu dari, boriti iliyooza ncha inaweza kuokolewa kwa kuunganishiwa ncha mpya, au kuwekewa boriti mwenza ubavuni. Inayobadilishwa ibadilishwe moja moja, dari likiwa limeegemezwa kwa nguzo chini, na isiwe zaidi ya moja kati ya tatu kwa wakati mmoja. Mikoko ni misitu ya hifadhi. Boriti zinahitaji kibali, na gharama yake iingizwe tangu mwanzo badala ya watu kwenda kukata usiku. Mbao ngumu zilizokaushwa vizuri na kutiwa dawa ya mchwa zinafaa pia. Ncha zisizikwe kwenye chokaa mbichi wala kwenye saruji. Acha nafasi ya kidole pembeni mwake, hewa ipite.

Tumeulizwa kama haya yote si mambo ya magofu tu. Tazameni Dar es Salaam, iliyokuwa makao makuu ya serikali tangu 1891. Boma la Kale la pale bandarini, la zama za Sultan Majid katika miaka ya 1860, lilikarabatiwa na sasa ni kituo cha urithi wa usanifu wa jiji. Hapa kwetu Boma la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, liliokolewa likafanywa hoteli. Majengo ya kale yanaweza kufanya kazi. Upande mwingine, Zanzibar, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka Desemba 25, 2020 ukarabati ukiwa unaendelea, watu 2 wakapoteza maisha. Jengo la kale ni hatari zaidi wakati linapoguswa, na ndiyo sababu ya kung'ang'ania nguzo, vipimo na subira.

Wala hatuna ugomvi na zege. Zege lina mahali pake, na miji mikuu yetu imejenga kwa zege vitu vya kujivunia. Ukumbi wa Nkrumah pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliokuwa kwenye noti ya shilingi 500, unapitisha hewa bila mashine. Soko la Kariakoo, alilolibuni Beda Amuli katika miaka ya 1970, lina paa la miavuli ya zege iliyogeuzwa, inayokinga mvua na kuiteremsha ndani ya nguzo zake. Yule mbunifu aliuliza swali lile lile waliloliuliza waashi wa Kilwa: maji yatatoka wapi? Tungefurahi kuliona swali hilo kwenye kila jengo jipya linaloota Lindi na Mtwara, ambako sasa tunaona madirisha ya vioo yasiyofunguka yakitazama jua la magharibi, bila kibaraza wala kivuli.

Lipo pia jambo la sheria, ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Ya baada ya hapo hulindwa pale tu waziri anapoyatangaza. Magofu ya Kilwa Kisiwani yamo. Lakini majengo ya zama za Wajerumani, na maduka ya Wahindi yenye milango ya nakshi, pamoja na nyumba za Lindi za enzi ilipokuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini kabla ya Mtwara, mengi yamekuja baada ya mwaka huo. Halmashauri inaweza kupendekeza, na inaweza pia kuweka masharti kwenye kibali cha ujenzi bila kusubiri tangazo. Tunaziomba halmashauri zetu zianze na orodha: jengo, mtaa, mwaka kama unajulikana, picha nne za pande zake, hali ya dari. Wanafunzi wa ufundi wanaweza kuifanya kwa muhula mmoja.

Tunamalizia na zabuni, kwa kuwa hapo ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Zabuni, tathmini na mkataba vinakula miezi, na mkandarasi anafika kwenye jengo Novemba au Desemba, mvua za Kusini zikianza. Chokaa haikomai kwenye mvua. Mkataba unataka kazi iishe kabla ya Juni 30, kila mtu anaogopa fedha zisivuke mwaka, na mkandarasi, hata mwaminifu, anachukua saruji. Jedwali la vipimo na gharama nalo linasema "lipu" tu, bila kusema ya nini.

Pendekezo letu ni kuigawa kazi mikataba miwili. Wa kwanza uwe wa vifaa na uchunguzi, Novemba hadi Mei: kununua au kuchoma chokaa na kuilowesha mapipani, kukusanya na kuosha mchanga, kupata kibali cha boriti na kuzikausha kivulini, kubandika alama za plasta kwenye nyufa na kuzisoma mvua ikipita. Kazi hiyo inaishia ndani ya mwaka wa fedha bila taabu, na vifaa vinahesabika kwa debe. Mkataba wa pili, wa ukuta, utiwe saini Julai, mafundi waanze wiki hiyo hiyo kwa kuwa kila kitu kipo, na lipu ya mwisho ipigwe kabla ya mwisho wa Oktoba. Jedwali liandike: lipu ya chokaa moja kwa tatu, mikono mitatu, unene jumla milimita 25, chokaa iliyoloweka isiyopungua wiki 3, saruji hairuhusiwi. Na asilimia ya malipo inayozuiliwa isiachiwe hadi masika ya kwanza yapite na ukuta ugongwe tena kwa mpini wa mwiko.

Chokaa ikiingia pipani Machi, Julai iko tayari.

Ni sisi,
Waashi wa nyumba za mawe,
Mikindani, Mtwara